Sekunde Mbili Kwenye Kioo: Namna ya Kuisoma Saa ya Chesi

Mchezaji wa chesi akitupa jicho kwenye saa yake akakuta 0:02, huenda kweli amebakiwa na sekunde mbili. Huenda pia amebakiwa na saba. Tarakimu ni zilezile na kioo ni kilekile. Tofauti imo kwenye mpangilio wa saa, na asiyeujua mpangilio huo atacheza kwa pupa akiwa na nafasi ya kufikiri, au atatulia akiwa hana hata chembe ya muda. Nimeyaona yote mawili hapa Mtwara, kwenye darasa tunaloazima Jumamosi mchana maeneo ya Ligula, tunapocheza na vijana wa sekondari. Vijana hawa wanajua kufunga ngome, wanajua kumpa mfalme kimbilio mapema, wapo wanaokariri ufunguzi wa Kisisilia mpaka hatua ya kumi. Saa hawajafundishwa. Wengi wanaofundisha mchezo huu huiweka mezani, huibonyeza ianze, wakaendelea na mengine.

Naandika kirefu kwa sababu naamini kusoma saa ni sehemu ya kucheza, sawa na kujua farasi anarukaje.

Saa ya chesi ni saa mbili ndani ya sanduku moja. Ukimaliza hatua yako unabonyeza upande wako, wako unasimama, wa mwenzako unaanza kula muda. Jambo hili lina umri mkubwa. Kwenye mashindano ya London mwaka 1883 zilitumika saa mbili zilizofungwa kwenye ubao unaobembea, za Thomas Bright Wilson wa Manchester: ukiinamisha upande mmoja saa hiyo inasimama, ya pili inaamka. Kabla yake walikuwa wakipimana kwa vioo vya mchanga. Baadaye zikaja saa za mishale zenye kibendera chekundu kinachoinuliwa na mshale mrefu na kuanguka unapofika juu. Mara nyingi waandaaji walizipanga ili kibendera kianguke mshale mfupi ukiwa kwenye 6, saa kumi na mbili kamili kwa hesabu yetu. Ndiyo maana mpaka leo, hata kwenye saa isiyo na kibendera chochote, wachezaji husema bendera imeanguka.

Saa ya mishale ilikuwa na kasoro moja: sekunde za mwisho zilikuwa za kukisia. Unaona kibendera kimeinuka, unajua muda umekaribia kwisha, lakini kama ni dakika mbili, moja au nusu, hujui. Saa ya dijitali iliondoa ubishi huo. Lakini ilileta kitu ambacho mshale haukuweza kukifanya, yaani kugawa muda mpya katikati ya mchezo, na hapo ndipo kusoma kukawa kazi.

Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani kutoka Marekani, aliomba hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1988 akapewa mwaka 1989, na mwaka 1992 saa hiyo ilitumika alipocheza tena na Boris Spassky huko Yugoslavia. Wazo lake ni jepesi: kila ukicheza hatua unaongezewa sekunde kadhaa. Ukizitumia zote, muda wako unabaki palepale. Ukicheza haraka kuliko nyongeza, muda wako unapanda. Leo ndiyo njia iliyoshika dunia. Mashindano ya dunia ya chesi ya haraka huchezwa kwa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, na yale ya haraka zaidi kwa dakika 3 na sekunde 2. Kwenye chesi ndefu mpango unaotumika sana ni dakika 90 kwa hatua 40, kisha dakika 30, huku kila hatua tangu ya kwanza ikipewa sekunde 30.

Nyongeza haina tabu kusomeka. Unachokiona ndicho ulicho nacho. Kioo kikisema nane, una nane. Ukicheza kwa sekunde tatu kwenye mpango wa nyongeza ya tano, zinabaki tano, unabonyeza, zinaruka mpaka kumi.

Tabu iko kwenye njia ya pili, ya sekunde za kusubiri. Hapa hupewi kitu cha kuweka akiba. Unapewa sekunde kadhaa mwanzoni mwa kila zamu ambazo muda wako hauguswi. Ukizipitisha, muda wako ndio unaanza kupungua, na usipozitumia zimepotea. Marekani njia hii, hasa ya sekunde 5, imependwa kwa miaka mingi kwenye mashindano yao. Na inaonyeshwa kwenye kioo kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo.

Namna ya kwanza ni ya kusubiri wazi. Zamu yako ikianza, tarakimu zako zinasimama. Sekunde tano zinapita, halafu ndipo hesabu inashuka. Ukicheza ndani ya hizo tano, kioo hakijasogea.

Namna ya pili inabeba jina la David Bronstein, yule mchezaji wa Kisovieti aliyetoka sare ya 12 kwa 12 na bingwa wa wakati huo, Mikhail Botvinnik, kwenye pambano la ubingwa wa dunia la 1951. Hapa tarakimu zinaanza kushuka mara moja, hakuna kusubiri. Lakini ukibonyeza, saa inakurudishia ulichotumia, isizidi kile kiwango cha tano. Umetumia tatu, unarudishiwa tatu. Umetumia saba, unarudishiwa tano. Ni kama kondakta anayechukua noti yako nzima kwanza, halafu anakuletea chenji gari likiwa limeshaondoka: fedha yako ipo, ila kwa muda mfupi mkono wako unaonekana mtupu.

Kihesabu njia hizi mbili ni sawa kabisa, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo penye utamu. Chukua mchezo wa dakika 5 na sekunde 5 za kusubiri. Saa ya kusubiri wazi inaanza ikisoma 5:00. Saa ya Bronstein iliyopangwa vizuri inaanza ikisoma 5:05, kwa sababu zile tano za zamu ya kwanza zimewekwa humohumo kwenye muda. Mchezaji anafikiri kwa sekunde 7. Kwenye saa ya kwanza tano zinapita bure, mbili zinakatwa, inabaki 4:58. Kwenye saa ya pili zinakatwa saba, inafika 4:58, anabonyeza, tano zinarudi, inasoma 5:03. Zamu yake ikirudi, wa kwanza ana 4:58 pamoja na tano za kusubiri, jumla 5:03. Wa pili ana 5:03. Ni uwezo uleule, umeandikwa kwa namba mbili tofauti.

Sasa upeleke mfano huo mwisho wa mchezo. Kioo cha kusubiri wazi kinasoma 0:02. Mchezaji aliye kwenye hali hiyohiyo kwa saa ya Bronstein anasoma 0:07. Yupi atashikwa na hofu? Mimi nimekaa kando ya meza za kutosha kujua jibu. Mkono wa mtu anayeona 0:02 unatetemeka.

Siku moja darasani binti wa kidato cha tatu alikuwa na ngome, kile kipande chenye umbo la mnara, na askari dhidi ya ngome tupu ya kijana mmoja wa Chuno. Mchezo ulikuwa wa dakika 10 na sekunde 5 za kusubiri, kwa saa ya kusubiri wazi. Binti alikuwa amefikiri sana katikati ya mchezo, na ile kazi ya kufikiri ndiyo iliyompa askari. Kioo chake kilisoma 0:02. Akacheza papo hapo, akabonyeza kwa nguvu. Zamu ikarudi, 0:02. Akacheza tena bila kuvuta pumzi. Mdogo mmoja aliyekuwa amesimama nyuma akasema, "Mwalimu, saa ya dada imeganda." Haikuwa imeganda. Pembeni mwa zile tarakimu, kwa herufi ndogo, neno la Kiingereza la kuonya kwamba saa inasubiri lilikuwa likiwaka na kuzima, na hakuna aliyelitazama. Upande wa pili kijana, ambaye kioo chake kilisoma 1:40, alikuwa anatulia sekunde tatu, nne, anacheza, na 1:40 yake haikupungua. Alikuwa amegundua mwenyewe. Baada ya zamu kadhaa binti aliweka ngome yake kwenye mstari wa ngome ya mwenzake, pasipo na kinga. Ikaliwa.

Mchezo ulipokwisha nilikaa naye, tukaiwasha saa upya, tukahesabu pamoja kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, na hapo ndipo 0:02 ikawa 0:01.

"Kwa hiyo nilikuwa na saba, mwalimu?"

"Saba, mwanangu. Kila zamu."

Akanyamaza, halafu akaomba tuhesabu tena.

Sekunde saba ni nyingi kwenye mwisho wa mchezo uliobakiwa na ngome. Zinatosha kuangalia mistari miwili, kuona ngome ya mwenzako inapiga wapi, na kuuliza kama askari wako ana mlinzi. Kilichomwangusha binti yule ni kioo kilichomwambia nusu ya habari.

Na vijana wetu wana sababu nzuri ya kutoielewa njia hii. Wengi wamejifunzia chesi kwenye simu, na mtandao wa Lichess, ambao ni wa bure na ndio unaochezwa sana na vijana ninaowafahamu, una nyongeza ya Fischer peke yake. Hauna sekunde za kusubiri. Kijana amecheza michezo mingi sana akiona namba zinazopanda kila anapogusa, tena chini ya sekunde kumi anaonyeshwa mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Akija mezani akakuta namba zisizopanda na zisizoshuka, akili yake inamwambia kuna kitu kimeharibika. Hajakosea kufikiri hivyo. Saa ile haijawahi kumweleza desturi yake.

Kuna watengenezaji waliojaribu kulitatua hili kwa kuonyesha kusubiri kwenyewe. Zipo saa ambazo zamu ikianza zinahesabu 5, 4, 3, 2, 1, kisha ndipo muda wako unaendelea. Ni wazo zuri, ila zile zinazoficha muda mkuu wakati huo zinazaa tatizo jipya: mtu anatupa jicho, anaona 3, anadhani amebakiwa na tatu kumbe ana dakika nne. Ninayoipenda mimi ni ile inayoweka vyote kwa pamoja, muda mkuu kwa tarakimu kubwa zilizosimama na sekunde za kusubiri zikishuka kwa tarakimu ndogo kando yake. Macho yanachukua yote kwa mara moja. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ndiyo saa ya kununua, hata kama sanduku lake halina sura.

Jambo la pili linalochanganya ni nukta mbili katikati ya namba. Saa nyingi zina nafasi ya tarakimu chache kila upande. Kwenye mchezo mrefu zinaonyesha saa na dakika, na muda ukishapungua zinahamia kwenye dakika na sekunde. Kwa hiyo asubuhi mashindano yanapoanza 1:30 ni muda wa saa nzima na nusu, na jioni ni dakika moja na nusu. Nimemwona mtoto, mara yake ya kwanza kwenye mchezo mrefu, akicheza hatua zake za kwanza kama anakimbizwa. Alikuwa amesoma 1:30 kwa macho ya simu yake. Saa zenye kioo kipana, kama DGT 3000 ya Waholanzi, zina nafasi ya kuonyesha saa, dakika na sekunde kwa pamoja, na hapo mashaka yanakwisha. Bei yake lakini si ya mfuko wa shule.

Kuhama huko kwenda kwenye dakika na sekunde kuna sababu ya kisheria pia. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinamtaka mchezaji wa mchezo mrefu aandike hatua zote, ila akibakiwa na chini ya dakika 5 na kama mpango hauna nyongeza ya sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua, anaruhusiwa kuacha kuandika. Asipoona sekunde zake hawezi kujua amevuka mpaka huo lini.

Halafu kuna sifuri. Saa inayokata vipande vya sekunde bila kukadiria juu itaandika 0:00 wakati bado kuna nusu sekunde ndani yake. Hapa kwetu mtu akiona sifuri anapiga kelele "Muda!" na kuinua mikono. Mwamuzi anayejua kazi yake hatazami sifuri, anatazama alama ya bendera, ile ishara inayojitokeza au kuwaka pale muda unapokwisha kweli. Na kwenye njia ya kusubiri, ikishatokea imetokea. Zile tano za zamu inayofuata hazimwokoi mtu. Bendera zote mbili zikiwa zimeanguka na isijulikane ipi ilitangulia, mchezo unaotakiwa kumalizika ndani ya muda huo unakuwa sare. Saa nzuri huonyesha ni upande upi uliotangulia, na mimi naitafuta alama hiyo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Mwamuzi mwenyewe anatakiwa aijue saa kiasi cha kuibadilisha mchezo ukiendelea. Katika mchezo mrefu usio na nyongeza, kama waandaaji walitangaza mapema kwamba miongozo ya FIDE ya michezo ya namna hiyo itatumika, mchezaji mwenye chini ya dakika 2 kwenye zamu yake anaweza kuomba kuwekewa nyongeza ya sekunde 5 kwa wote wawili. Ombi hilo ni pendekezo la sare vilevile. Mpinzani akikataa sare na mwamuzi akikubali ombi, saa inasimamishwa, inapangwa upya, na mpinzani anazawadiwa dakika 2. Fikiria kulifanya hilo ukumbi mzima umekuzunguka na wewe hujui kitufe cha kusimamisha kiko wapi.

Sisi wa pwani tuna jua. Kioo cha nyingi ya saa hizi hakina taa yake. Kinategemea mwanga wa nje, na weusi wa tarakimu unategemea unakitazama kwa pembe gani. Tuliwahi kuhamishia meza chini ya miembe kule Shangani kwa sababu ya joto la darasani. Upepo wa bahari ulikuwa mzuri, lakini waliokaa upande wa mwanga walikuwa wanainama kutafuta namba zao, na saa iliyoachwa juani tarakimu zilijaa weusi mpaka zikawa hazitofautishiki. Sheria inampa mwamuzi uamuzi wa upande saa itakapowekwa kabla ya mchezo. Kwetu uamuzi huo ungefaa uanze na swali moja: kivuli kitakuwa wapi baada ya nusu saa? Na betri zinunuliwe nzuri. Betri dhaifu inafifisha kioo muda mrefu kabla ya saa kuzima, na kioo kilichofifia kwenye sekunde za mwisho ni dhuluma kwa mchezaji.

Wengi wetu hatuna saa, tunatumia simu, na sioni aibu yoyote. Programu za saa ya chesi ziko nyingi za bure, nyingine zinaonyesha sekunde za kusubiri vizuri kuliko saa ya dukani. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana simu ya mama ikiingia katikati ya mchezo kioo kinahama. Zima ule mpango wa kufifisha mwanga kuokoa chaji. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie ni njia gani imechaguliwa, kwa sababu baadhi ya programu zinaita kusubiri na Bronstein kwa majina yanayokaribiana.

Msimu huu wa korosho wazazi wengi wakiwa na fedha kidogo, tumepanga mashindano ya siku moja ya vijana, wa hapa mjini, wa Mikindani, na wa Lindi watakaoweza kufika. Nimependekeza dakika 20 na sekunde 5 za kusubiri, na wenzangu wamekubali baada ya ubishi mrefu. Waliotaka nyongeza walisema ndiyo ya dunia nzima, na ni kweli. Hoja yangu ni ratiba. Mchezo wa hatua 60 kwa mpango huu hauwezi kuzidi dakika 25 kwa kila mchezaji, dakika 50 kwa meza. Kwa nyongeza ya tano kikomo ni kilekile, hilo nalikubali, ila sekunde usizotumia kwenye nyongeza zinalimbikizwa na kutumika baadaye, wakati kwenye kusubiri zinafutika, kwa hiyo michezo mingi humalizika mapema. Raundi tano zinaingia kabla ya magharibi, na vijana wa Mikindani wanapata usafiri kukiwa bado na mwanga.

Anayekuja na saa yake afike saa mbili kasorobo asubuhi. Kila saa itapangwa mbele ya wachezaji wawili watakaoitumia, itabonyezwa, na wote wawili watahesabu sekunde tano kwa sauti wakitazama kioo kinafanya nini. Za Bronstein zitakaa kwenye meza za nyuma kwa pamoja, na pale mbele ya kila moja tutabandika karatasi inayosema zinaanza na 20:05.